Wewe ni kocha au mfunza nyani? Kifaransa kitakuumbua!

KIJANA alinijia nyumbani hapa Kiseke Jumapili jioni, jua linazama upande wa ziwani, kashika bahasha utadhani kaletewa hati ya mahakama. Mimi nipo barazani na redio yangu, nasikiliza mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Mbona uso umekunjamana, kwema huko?"

"Kwema si kwema, mzee. Nimechekwa mpaka nimetamani ardhi ipasuke."

Nikazima redio. Huyu kijana namfahamu, na niseme kweli, namheshimu. Miaka kama mitatu sasa kila jioni anakusanya watoto wa mtaani kwenye kiwanja cha vumbi, anawafundisha kandanda. Hana mshahara, hana jezi, na filimbi yenyewe kainunua kwa pesa ya kubeba mizigo. Akina mama wanampenda, maana mtoto akitoka pale hana tena nguvu ya kuzurura usiku.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna wageni wanaosema Kifaransa walikuwa wanatafuta msaidizi wa mradi wa michezo ya watoto. Barua ya maombi walitaka iandikwe kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kwenye Kiingereza kijana akajikongoja: "I am a trainer. I have trained forty children." Yaani yeye ni mfundishaji, na kafundisha watoto 40. Safi kabisa.

Kwenye Kifaransa akaiuliza simu. Bando lilikuwa linaishia, kwa hiyo akauliza neno mojamoja. Simu nayo, kama shahidi wa uongo, ikajibu bila kupepesa macho. Akanakili: "Je suis dresseur. J'ai dressé quarante enfants."

Siku ya usaili mama mmoja wa makamo akaisoma ile barua, akaziba mdomo kwa kiganja. Akampa mwenzake. Mwenzake akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu wakacheka mpaka machozi. Yule bwana akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe piga fimbo ama toa biskuti?"

Kijana wa watu akajibu kwa adabu, "Biskuti hapana, mzee, huwa nawapa maji."

Wakazidi kucheka! Mwisho akaambiwa arudi nyumbani, watamwita. Na wewe msomaji unajua maana ya "tutakuita".

"Mzee," akaniuliza, "nimekosea wapi?"

Nikamwambia kaa chini, kunywa chai. Umewaambia wageni wa watu kwamba wewe ni yule bwana wa sarakasi anayefundisha nyani kuendesha baiskeli, na kwamba hapa Kiseke umeshafundisha nyani 40.

NENO MOJA, KAZI KUMI

Tatizo limeanzia kwenye Kiingereza. Waingereza wana neno lao "trainer", nalo ni kama jembe la ujima, kila mtu analilimia. Anayefundisha wafanyakazi wa benki ni "trainer". Anayefundisha mbwa ni "trainer". Anayefundisha farasi wa mashindano naye ni "trainer". Tena ukifika Uingereza utakuta hata raba za miguuni zinaitwa "trainers"! Kwa hiyo ukimsikia Mwingereza analalamika kwamba "trainers" wake wananuka, usikimbilie kumhurumia kocha. Kavue viatu.

Mfaransa hataki mchanganyiko huo. Yeye kagawa vyumba. Anayefundisha wanamichezo ni "entraîneur". Anayefundisha watu kazi, kama wale wa semina za mahotelini, ni "formateur". Anayefundisha mnyama ni "dresseur". Na anayeingia kwenye banda la simba na kumfanya akae juu ya kigoda, huyo ni "dompteur". Ukigonga mlango usio wako, utachekwa kama kijana wetu.

Na ukichimba mizizi ya maneno hayo ndipo utamu unapoanza. "Formateur" linatokana na kuunda, kulipa jambo umbo, kama mfinyanzi na udongo. "Dresseur" linatokana na kunyoosha. "Entraîneur" linatokana na kukokota, kumvuta mtu aende nawe. Kwa hiyo kwa Mfaransa mfanyakazi hufinyangwa, mchezaji hukokotwa, mnyama hunyooshwa.

Sasa si unasikia watu wetu wanavyosema mtaani, "Subiri baba yako arudi, atakunyoosha"? Basi ndiyo hiyo hiyo! Barua ya kijana ilisema kawanyoosha watoto 40. Ndiyo maana yule bwana akauliza habari za fimbo.

Halafu cha ajabu, hilo neno la Kiingereza "train" nalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuburuta. Treni ya reli imepata jina hapo, kwa sababu kichwa kinaburuta mabehewa. Mwalimu wa kazi naye kapata jina hapo hapo. Mwanafunzi mgumu ni behewa.

KOCHA KATOKA MBALI

Neno letu "kocha" tumelitoa kwa Waingereza, lakini hata wao si lao. Kule Hungary kuna kijiji kinaitwa Kocs, ambacho zamani kilisifika kwa magari mazuri ya kukokotwa na farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likapita Ujerumani na Ufaransa mpaka Uingereza, likawa "coach". Ndiyo maana hata leo basi la safari ndefu huko Uingereza linaitwa hivyo. Kwenye miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakaanza kwa utani kumwita hivyo mwalimu wa ziada, kwa sababu anambeba mwanafunzi mpaka avuke mtihani. Baadaye likahamia kwenye michezo. Kwa hiyo ukienda Uwanja wa CCM Kirumba ukasikia mashabiki wanamzomea kocha, jua wanalizomea gari la farasi.

Nchi hii makocha wa Kifaransa tumewaona. Yanga ilikuwa na Mwinyi Zahera kutoka Kongo mwaka 2018 na 2019. Simba ilikuwa na Mfaransa Pierre Lechantre mwaka 2018, na mwaka 2021 ikawa na Mfaransa mwingine, Didier Gomes Da Rosa. Hao wote kwa lugha yao ni "entraîneur". Ungemwita mmoja wao "dresseur" mbele ya waandishi wa habari, siku hiyo ungetafuta njia ya kutokea.

Dada zangu na ninyi mjihadhari. Mwanamke kocha kwa kufuata sarufi ya zamani ni "entraîneuse". Lakini neno hilo hilo kwa miaka mingi limetumika kwa dada wa baa anayelipwa kuwachangamsha wateja wanunue vinywaji zaidi. Sijasema mimi, kamusi ndiyo inasema! Siku hizi wengi wanaandika "entraîneure", au wanakopa tu neno la Kiingereza, "coach", yakaisha.

MAKSAI HAVUNJWI MGUU

Tumwache kocha, twende shambani, maana kijana aliniuliza swali la haki: "Mzee, kwani kufundisha mnyama ni aibu?" Si aibu hata kidogo, hasa kwetu Usukumani. Aliyekulia Kwimba, Magu au Misungwi anajua thamani ya ng'ombe wa plau. Unachukua dume changa lililohasiwa, unalifunga nira pamoja na maksai mzoefu, siku za mwanzo wanaburuta gogo tu. Mtoto anatangulia mbele, mtu mzima nyuma. Kila ng'ombe ana jina na analijua. Mpaka mvua zinaponyesha, yule mgeni anafuata mstari kuliko hata mpwa wangu wa darasa la saba.

Umeona? Kuburuta gogo! Lile neno "train" la Kiingereza ungedhani limezaliwa Misungwi.

Maksai kwa Kiingereza ni "ox", na wakiwa wengi usiseme "oxes", sema "oxen". Kwa Kifaransa ni "bœuf". Wakiwa wengi unaandika "bœufs", lakini hizo herufi mbili za mwisho huzitamki, unazimeza. Ng'ombe aliyekwisha kufundishwa kazi ni "bœuf dressé". Hapo neno la kunyoosha limekaa mahali pake, halina mchezo.

Ila kwenye Kiingereza kuna mtego. Kumzoesha mnyama kazi kwa mara ya kwanza wanasema "to break in", ambalo ukilitafsiri kavukavu ni kuvunja. Ukisoma kwamba mkulima "broke in two oxen", usitafute mhunzi wa mifupa, ng'ombe ni wazima. Na maneno hayo hayo mawili ndiyo polisi wanayotumia kwa mwizi aliyevunja nyumba! Farasi "well broken" ni farasi mzuri, mtulivu, wa bei kubwa. Lakini "broken English" ni Kiingereza cha kuungaunga, kama cha kwangu. Mfaransa yeye havunji kitu. Anaendelea na "dresser" yake.

Mbwa wa ndani asiyechafua zulia, Mwingereza anasema ni "house-trained", na Mmarekani anasema ni "housebroken". Mfaransa anasema tu "propre", yaani msafi. Mara nyingine lugha ya mkato ndiyo yenye akili.

SIMBA WA SAANANE AMEZOEA, HAJAFUNDISHWA

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana kosa hili halileti kicheko, linaleta msiba. Kisiwa cha Saanane, pale pale mbele ya mji wetu, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Watoto wa Mwanza wengi walimwona simba kwa mara ya kwanza pale. Simba aliyezoea kuwaona watu kila siku anaweza kulala tu akakuangalia kama mzee wa baraza. Je, huyo kafundishwa? Hapana!

Mnyama aliyezoea watu Mwingereza anamwita "tame", na Mfaransa anasema "apprivoisé". Mnyama aliyefundishwa kufanya kitu kwa amri ni "trained", kwa Kifaransa "dressé". Na mnyama ambaye ukoo wake mzima umeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, kama mbuzi na kuku, ni "domesticated", Kifaransa "domestique". Kiswahili chetu kinasema amezoea, amefundishwa, anafugwa. Mambo matatu tofauti. Anayechanganya la kwanza na la pili, akaingiza mkono kwenye wavu, atarudi na mkono mmoja wa kuandikia barua.

Upande wa pili kuna watu wanaofundishwa kukaa na wanyama. Hapo Pasiansi, jirani zetu kabisa, ipo taasisi inayofundisha askari wa wanyamapori. Kwa Kiingereza askari huyo ni "ranger". Wenzetu wa Kongo, kwa Kifaransa, wanamwita "écogarde". Kule Virunga hao maaskari tangu mwaka 2011 wana kikosi cha mbwa wa kunusa wanaofuata nyayo za majangili. Mbwa wa kunusa ni "sniffer dog" kwa Mwingereza na "chien renifleur" kwa Mfaransa. Anayemwongoza, Mwingereza anamwita "handler", yaani mshikaji tu, lakini Mfaransa anampa cheo kizito: "maître-chien", bwana wa mbwa. Hata Jeshi letu la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, kwa hiyo usiseme mambo haya ni ya Ulaya.

NYOKA, NA ALIYEFUNDISHWA NI NANI?

Ukienda Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, utakutana na habari za Bayeye. Hao ni chama cha wataalamu wa nyoka. Wanacheza ngoma na chatu mabegani, wanajua dawa za aliyeumwa, na elimu yao haipatikani kwa kuchungulia. Mtu anaingia, anafundwa, anakaa chini ya wakubwa.

Mtu wa aina hiyo Mwingereza anamwita "snake charmer", na Mfaransa anasema "charmeur de serpents". Wote wawili wanamaanisha kwamba anamroga nyoka kwa mvuto wake. Lakini hebu fikiri. Nyoka hafundishiki kama mbwa, humwambii kaa akakaa. Anayejua wapi pa kushika, lini pa kuacha, na ishara ya hasira ni ipi, ni mtu. Kwa hiyo kwenye ngoma ile aliyefundishwa ni Myeye, si chatu. Lugha za wenzetu zimemsifia mtu kwa mvuto, zikasahau kwamba alisoma.

PANYA ANAYESTAAFU

Na kama bado unadhani mnyama aliyefundishwa ni kitu cha kuchekwa, panda basi uende Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, tangu mwaka 2000 linafanya kazi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kufundisha panya buku. Panya anaanza kuzoeshwa watu akiwa mdogo. Halafu anafundishwa kwamba akisikia mlio fulani mdogo, kuna ndizi au karanga. Kisha anafundishwa kwamba mlio huo unakuja akinusa harufu inayotakiwa. Mafunzo yanachukua kama miezi tisa, na mwisho kuna mtihani. Asiyefaulu haendi kazini.

Kazi yenyewe ni kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, bomu halilipuki akipita juu yake. Tangu mwaka 2007 wengine wananusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likampa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Akastaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Mwenzake Ronin, naye wa Tanzania, mwaka 2025 aliingia kwenye vitabu vya rekodi vya Guinness kwa kufichua mabomu ya ardhini 109.

Sasa angalia lugha. Magazeti ya Kifaransa panya hao huwaita "rats démineurs". Na "démineur" ni jina lile lile la binadamu anayetegua mabomu! Yaani Mfaransa, pamoja na vyumba vyake vyote, panya akifanya kazi ya mtu anampa cheo cha mtu. Na kustaafu pia: kwa Mwingereza Magawa ni "retired", kwa Mfaransa yupo "à la retraite", kwetu amestaafu. Hakuna aliyetafuta neno la wanyama.

Kijana aliposikia hayo akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Kwa hiyo mzee, panya anaitwa kwa jina la mtu, halafu mimi mtu nimejiita kwa jina la mfunza nyani?" Nikamwambia ndivyo hivyo, ongeza sukari.

KUFUNDA, KUFUNZA, FUNDI

Kiswahili chetu hakijajenga vyumba. Kungwi anamfunda mwari. Mwalimu anamfunza mwanafunzi. Mkufunzi yupo chuoni. Aliyeiva anaitwa fundi. Maneno hayo yote ni ukoo mmoja, ndani yake hamna kuvunja, hamna kuburuta. Ng'ombe naye tunasema kafundishwa kulima, na hakuna anayetukanwa.

Fundi gereji ana kijana wake wa kushika spana. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni mwanagenzi, mtaani ni spana boi. Mwingereza anamwita "apprentice", Mfaransa "apprenti", na yote mawili yanatokana na kujifunza. Kuruta wa JKT kwa Mwingereza ni "recruit", kwa Mfaransa "recrue". Lori nalo lina tandiboi wake, ambaye akivumilia miaka mitano naye anakamata usukani.

Hata methali zinaonyesha kila taifa linavyofikiri. Mwingereza anasema mbwa mzee hafundishiki michezo mipya. Mfaransa anasema nyani mzee hafundishwi kukunja uso, maana yake anajua zamani, wewe mtoto unataka kumfundisha nini? Mmoja anamdharau mzee, mwingine anamwogopa. Sisi wa ziwani tunasema samaki mkunje angali mbichi. Kwenye jambo moja tu wote watatu tunakubaliana: anayesoma bila kuelewa ni kasuku. Mwingereza, Mfaransa na Mswahili wote wamemsingizia ndege yule yule.

ETI STEJI!

Usiku ule tukaandika barua upya, neno kwa neno: "Je suis entraîneur. J'entraîne quarante enfants à Kiseke." Chini yake nikamwambia aongeze kwa Kiswahili kwamba barua ya kwanza ilikuwa na kosa la kamusi, na kwamba watoto wake hawali biskuti za sarakasi. Alisitasita. "Mzee, si nitajichoresha tena?" Nikamwambia mtu akishakucheka, mpe sababu ya kucheka nawe. Akaipeleka kwa mguu, nauli hana.

Wiki mbili kimya. Ya tatu kaja mbio, katoa simu, jasho linamtiririka. "Mzee wamenijibu! Lakini wananitaka steji miezi mitatu. Mimi sijui kunengua!"

Nikasoma: "un stage de trois mois". Jamani! Kwa Mwingereza "stage" ni jukwaa, na kwenye bendi zetu tunajua stejishoo ni nini. Lakini kwa Mfaransa "stage", ambalo mwisho wake linatamkwa kama linayeyuka mdomoni, ni kipindi cha kujifunza kazi. Anayekuwa kwenye kipindi hicho ni "stagiaire", ambaye Mwingereza anamwita "trainee". Yaani wamempa miezi mitatu ya kujaribiwa, na posho kidogo juu. Si ajira kamili, lakini nauli anayo.

Siku ya kwanza nilijikongoja mpaka kiwanjani nikaone. Watoto wamepanga mstari kama askari, mama zao wamesimama pembeni na kanga. Yule mama wa usaili, aliyeziba mdomo kwa kiganja, akasogea mbele awasalimie kwa Kiswahili. Alikuwa amejifunza usiku kucha, unaona kabisa.

"Watoto wazuri," akasema kwa sauti, "mimi na kocha, sisi tutawafuga ninyi vizuri sana!"

Kiwanja kizima kikalipuka. Watoto wakaanza kulia kama mbuzi, meee, meee! Yule mama akawa mwekundu, anageuka huku na huku, hajui kakosea wapi.

Kijana hakucheka. Akapuliza filimbi mara moja, watoto wakanyamaza. Akamsogelea, akamwambia polepole, "Mama, ni kufunza. Kufuga ni kuku."

KATA UBANDIKE UKUTANI

Kocha wa michezo: Kiingereza "coach", Kifaransa "entraîneur".

Mkufunzi wa kazi: "trainer" au "instructor", Kifaransa "formateur".

Mfunza wanyama: "animal trainer", Kifaransa "dresseur".

Mfunza simba wa sarakasi: "lion tamer", Kifaransa "dompteur".

Mwongoza mbwa wa kazi: "dog handler", Kifaransa "maître-chien".

Mbwa wa kumwongoza asiyeona: "guide dog", Kifaransa "chien guide d'aveugle".

Mnyama aliyezoea watu: "tame", Kifaransa "apprivoisé".

Mnyama aliyefundishwa: "trained", Kifaransa "dressé".

Mtu aliyefundishwa kazi: "trained", Kifaransa "formé".

Mwanagenzi: "apprentice", Kifaransa "apprenti".

Aliye mafunzoni kazini: "trainee", Kifaransa "stagiaire".

Raba za michezo: "trainers", Kifaransa "baskets". Kama unadhani hilo la mwisho ni vikapu, rudi juu uanze kusoma upya!